Pumzi ya Udongo: Somo la Mashamba ya Ikungi



Kwa desturi, tunapozungumza juu ya shamba katika kurasa hizi, tunaanza na kile kionekanacho: shina, matawi, majani, na karafuu zinapoanza kupiga wekundu. Leo tumekusudia kushuka chini ya nyasi. Tutawatazama viumbe wadogo wanaoishi udongoni, na namna wao pamoja na mizizi ya mimea wanavyoamua ni gesi kiasi gani itapanda hewani kutoka ardhini. Na ili somo lieleweke, tutaliondoa kwanza visiwani tulipeleke Ikungi, katika Mkoa wa Singida, kwa ndugu zetu wakulima wa mtama na alizeti.

Twajua kuwa wako watakaouliza: mkulima wa karafuu ana haja gani na khabari za nchi isiyoota mkarafuu? Sababu ni hii. Huku kwetu udongo haulali. Masika yakipita huja mchoo, mchoo ukipita huja vuli, na baina yake hayakosekani manyunyu. Tena mizizi ya mikarafuu imo ardhini mwaka mzima, mwaka baada ya mwaka. Kazi zote za udongo zinatendeka pamoja bila ya kusita, kwa hivyo ni taabu kuzitenga na kuzitazama moja moja. Ikungi sivyo. Mvua yao ni ya msimu mmoja tu. Huanza mwisho wa Novemba au katika Desemba, humalizika Aprili, na aghalabu ni milimita 600 au 700 kwa mwaka. Miezi iliyobaki ni ukavu mtupu. Huko udongo hulala usingizi kweli kweli, kisha huamshwa kwa siku moja. Mtu anayetaka kujua saa inavyokwenda hufaidika zaidi akiitazama inapotiwa ufunguo kuliko kuisikiliza tu ikigonga ukutani.

Wilaya ya Ikungi imekatwa kutoka katika Wilaya ya zamani ya Singida Vijijini, na mji wake uko katika barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Singida. Ni nchi ya uwanda wa juu, yenye majabali makubwa, mashamba ya kichanga, na mabonde ya udongo mweusi wa mbuga unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata wakati wa mvua. Wenyeji wengi ni Wanyaturu, watu ambao tangu zamani ni wakulima na wafugaji kwa wakati mmoja. Hulima mtama, uwele, mahindi, dengu, viazi vitamu na vitunguu, na alizeti yao inajulikana Tanzania nzima. Huenda hata sufuria yako ya leo imekaangiwa mafuta ya Singida.

Sasa tuzijue gesi zenyewe. Ziko tatu. Ya kwanza ni hewa ya ukaa, ile tuitoayo puani. Ya pili ni methani, itokayo katika matope yasiyopata hewa na katika matumbo ya ng'ombe. Ya tatu ni naitrasi oksaidi, ambayo madaktari kwa muda mrefu wameitumia kuwatuliza wagonjwa wanaong'olewa meno. Zote tatu huzuia joto lisitoke duniani, kama blanketi linavyozuia joto la mwili, na ndiyo maana zaitwa gesijoto. Kwa uzito ulio sawa, na kwa hisabu ya miaka 100, methani huzuia joto kiasi cha mara 27 hadi 30 kuliko hewa ya ukaa, na naitrasi oksaidi kiasi cha mara 273. Na hii ya tatu ikishatoka hukaa angani zaidi ya miaka 100.

Hatusemi kwamba jembe la Ikungi au panga la Pemba ndilo lililoiharibu hewa ya dunia. Makaa ya mawe na mafuta yaliyochomwa katika nchi za viwanda ndiyo yenye sehemu kubwa ya deni hilo, na wenye deni wanajijua. Tunalisoma jambo hili kwa sababu iliyo karibu zaidi na mfuko wetu: sehemu kubwa ya gesi inayolipotea shamba ni chakula cha mmea kilichokosa mlaji. Mwenye kuelewa kinapopotelea ataweza kukizuia kisipotee, na hapo shamba lake na hewa ya watu wote vitafaidika kwa jembe moja.

MVUA YA KWANZA

Kila aliyewahi kuwa bara mwanzo wa mvua anaijua harufu yake. Vumbi hutulia, kumbikumbi hutoka vichuguuni, na watoto huwakimbilia na makopo. Lakini kuna kitu kingine kinachotoka ardhini saa ile ile, nacho hakionekani wala hakinusiki. Ni hewa ya ukaa, kwa wingi usio wa kawaida.

Aliyelichunguza jambo hili kwa makini alikuwa H. F. Birch, mtaalamu aliyefanya kazi Muguga, karibu na Nairobi, katika kituo cha utafiti wa kilimo na misitu cha Afrika ya Mashariki. Mwaka 1958 alichapisha matokeo ya kazi yake. Aliukausha udongo, akautia maji, akaipima gesi iliyotoka. Akaukausha tena, akautia maji tena, akapima tena. Kila mara gesi ilitoka kwa wingi mara baada ya maji, kisha ikapungua. Akaona pia kuwa udongo uliokauka kwa muda mrefu hutoa gesi nyingi zaidi ukirowa, na kwamba udongo wenye mboji nyingi hutoa kuliko ule uliochoka. Mpaka leo wanasayansi wa Australia na wa California wakiliona jambo hili katika nchi zao huliita kwa jina la Birch. Nasi twaona fahari kidogo kuwa somo linalofundishwa katika vyuo vikuu vya mbali lilitoka katika udongo wa Afrika ya Mashariki, ijapokuwa wengi wa wenye udongo huo hawajapata kulisikia.

Kwa nini iwe hivyo? Udongo mkavu haukufa. Kijiko kimoja cha udongo mzuri kina bakteria wengi kupita idadi ya watu wa nchi nzima, na pamoja nao kuvu, na wadudu wasioonekana kwa macho. Ukavu ukija, baadhi yao hufa na maiti zao hubaki pale pale. Wengine hujikunyata, hujijaza sukari na chumvi mwilini ili maji yasiwatoke. Mvua inapokuja ghafla, maji huwaingia kwa nguvu. Wako wanaopasuka, na wako wanaozitema zile sukari upesi ili wasipasuke. Pamoja na hayo mabonge ya udongo humegeka, na mboji iliyojificha ndani hufunuliwa. Basi mara moja pana karamu. Walionusurika hula maiti, hula sukari, hula mboji. Na mwenye kula hupumua. Pumzi hiyo huanza kabla saa moja haijapita tangu mvua kunyesha, huwa kali katika siku ya kwanza au ya pili, na baada ya siku chache hushuka.

Pumzi hii peke yake isimtie mkulima khofu. Hewa ya ukaa inayotoka ni ile iliyovutwa na majani katika misimu iliyopita. Shamba likitoa shilingi na kupokea shilingi, hapana hasara. Hasara huja pale linapotoa kila mwaka na kupokea pungufu, kwa kuwa mabua yamechomwa, au yameliwa yote na mifugo na samadi haikurudi. Hapo rangi ya udongo hufifia, mabonge hayashikani, na mvua hupita juu bila ya kuingia. Mkulima atakwambia, "Siku hizi mvua hazitoshi," na mara nyingine kweli hazitoshi. Lakini mara nyingine mvua ni ile ile, ila udongo umesahau kunywa.

MEZA IMEANDIKWA, MGENI HAJAFIKA

Katika karamu ile ya mvua ya kwanza haitoki hewa ya ukaa peke yake. Miili ya vijidudu na mboji ina naitrojeni, na wanaokula huiacha udongoni kwa umbo la amonia. Kundi jingine la bakteria huichukua amonia hiyo na kuigeuza kuwa naitreti, chumvi inayoyeyuka upesi majini. Naitreti ni chakula kizuri cha mimea. Ndiyo moja ya sababu mahindi yaliyopandwa mapema huwa na kijani kilichokolea, na yaliyochelewa huwa ya manjano hata katika shamba hilo hilo.

Lakini katika wiki mbili tatu za mwanzo, mimea iko wapi? Shamba la Ikungi wakati huo lina jembe, mzizi hamna. Mbegu ndiyo kwanza inatiwa ardhini, au imeota na ina majani mawili. Meza imeandikwa na mgeni hajafika.

Chakula hicho hakingoji. Mvua kubwa ikiwahi kabla ya mizizi, hukiosha na kukipeleka chini sana au bondeni. Na udongo ukijaa maji, bakteria hukigeuza kuwa gesi. Jambo hili la pili linataka maelezo. Bakteria hawa kwa kawaida huvuta oksijeni kama sisi. Tundu ndogo ndogo za udongo zikijaa maji, tuseme sehemu 6 katika 10 au zaidi, oksijeni haipenyi vizuri. Wao hawafi, wana hila nyingine. Huitwaa oksijeni iliyomo ndani ya naitreti na kupumulia hiyo, na kinachobaki huruka hewani. Mara nyingine kinachoruka ni naitrojeni tupu isiyomdhuru mtu, ile iliyojaa katika hewa tunayoivuta kila siku. Mara nyingine, kazi ikikatika njiani, ni naitrasi oksaidi. Udongo uliozama majini kwa muda mrefu aghalabu huimaliza kazi hiyo mpaka mwisho. Ule unaorowa leo na kukauka kesho kutwa ndio unaoiacha katikati. Na udongo wa Desemba, mvua zikiwa bado zinabahatisha, ni wa namna hiyo.

Tusitie chumvi. Kwa hisabu itumiwayo na wataalamu wa dunia, katika kila kilo 100 za naitrojeni iliyotiwa shambani kwa mbolea, kiasi cha kilo 1 ndiyo hutoka kwa umbo la naitrasi oksaidi. Hapana mkulima atakayeiona kilo hiyo ikipungua. Lakini dalili ya mvua ni mawingu. Mahali inapotoka kilo hiyo, kilo nyingine kadhaa zimekwisha oshwa chini au zimeruka kwa umbo la naitrojeni tupu, na hizo mkulima ataziona siku ya kuvuna. Vipimo vilivyofanywa katika mashamba ya wakulima wadogo huko Kolero, upande wa Milima ya Uluguru, na Kaptumo nchini Kenya, na kuchapishwa mwaka 2016, vilionyesha kuwa naitrojeni inayotoka kwa umbo la gesi hii ilikuwa baina ya kilo 0.4 na kilo 3.9 kwa hekta kwa mwaka. Tazameni tofauti hiyo, inakaribia mara kumi baina ya mahali na mahali. Hapo ndipo penye nafasi ya mkulima.

MIMEA NAYO INA SAUTI

Tumewaeleza viumbe kama kwamba wao ndio wenye shamba. Waama mimea haikai kimya. Mtama, chakula cha tangu na tangu cha Wanyaturu, una siri ambayo wataalamu wa Japani na wenzao wa India wameifunua katika miaka ya karibuni. Nywele za mizizi yake hutoa matone madogo sana ya mafuta ya manjano yaitwayo sorgoleoni. Mafuta hayo huwapunguza kasi wale bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitreti. Faida yake ni kubwa: amonia hushikamana na udongo wa mfinyanzi na mboji, haisombwi upesi na maji, wala haigeuzwi moja kwa moja kuwa gesi. Ni kama mwenye nyumba aliyefunga ghala na kutia ufunguo kibindoni, akawa anatoa kidogo kidogo kwa kadiri ya haja. Mafuta hayo hayo hudhoofisha magugu madogo yanayoota karibu. Mitama yote hailingani katika kazi hii. Ziko aina zinazotoa mengi na aina zinazotoa machache. Nyasi moja ya asili ya Afrika, ambayo wataalamu huiita Brachiaria humidicola, hufanya kazi kama hiyo kwa nguvu zaidi, na dawa yake ilitambuliwa mwaka 2009.

Katika nchi kavu za bara la kati wako pia wakulima wanaopanda mtama na uwele udongo ungali vumbi, kabla mvua haijanyesha. Wenzao huwacheka, na kicheko kina sababu, maana mvua ya uongo ikinyesha mara moja na kukata, mbegu huota na kufa. Lakini kwa mizani ya somo letu, wapandao vumbini wana hoja. Mbegu iliyotangulia kukaa ardhini huanza kuota siku ile ile ya karamu, na mzizi wake huikuta naitreti kabla haijaondoka.

Mbaazi nazo zinafaa kutajwa. Hupandwa pamoja na mahindi, nayo mahindi yakivunwa zenyewe huendelea kuishi kwa maji yaliyobaki chini, kwa kuwa mizizi yake huenda mbali. Shamba lenye mbaazi halibaki tupu upesi. Taabu ni kuwa baada ya mavuno mifugo huachiwa mashambani, na mbuzi hajui kuwa mbaazi ni somo la sayansi.

Dengu, kunde na karanga hufuga bakteria katika vinundu vya mizizi yao, na bakteria hao huvuta naitrojeni ya hewani na kuifanya chakula. Wengi wetu twalijua hilo. Lisilojulikana sana ni kuwa majani na mizizi yake, yakifukiwa na kuachwa yaoze pasipo mmea wa kufuata, huweza kutoa gesi kama mbolea nyingine yoyote. Naitrojeni haiulizwi imetoka wapi. Huulizwa imemkuta nani.

ZIZI NA KICHUGUU

Mwaka 1959 na 1960 Mmarekani mmoja, Harold Schneider, alikaa Unyaturu kuchunguza maisha ya wenyeji, na mwaka 1970 akatoa kitabu juu yao. Miongoni mwa mambo aliyoyaeleza ni jinsi ng'ombe, samadi na nafaka vilivyofungamana. Ng'ombe hutoa samadi, samadi hutoa mtama, mtama ukizidi huleta ng'ombe wengine. Mwenye zizi tupu alikuwa pia na shamba dhaifu.

Yalinganisheni hayo na uchunguzi uliofanywa Kapiti, katika nyika za Machakos nchini Kenya, ukachapishwa mwaka 2020. Wataalamu walipima gesi katika maboma ya mifugo yaliyohamwa na wafugaji. Waliona kuwa ardhi ya boma hutoa naitrasi oksaidi kiasi cha mara kumi au zaidi kuliko mbuga iliyo kando yake, na kwamba dalili za kutoka kwa gesi hiyo hubaki hata miaka 40 baada ya mifugo kuondoka. Wakakadiria kuwa maboma ya namna hiyo, ukiyakusanya yote Afrika kusini ya Sahara, huchangia kama sehemu 5 katika 100 za naitrasi oksaidi yote inayotokana na kazi za binadamu barani Afrika. Miaka arobaini! Samadi iliyorundikana mahali pamoja, pasipo mzizi wa kuila, hukaa ikivuja mpaka mtoto aliyezaliwa siku ya kuhama awe na wajukuu.

Kwa hivyo desturi ya kuzoa samadi zizini na kuitandaza mashambani, ambayo mgeni wa mjini angeidhani ni kazi ya kusafisha tu, kumbe ni kazi ya kukitoa chakula mahali pasipo mlaji na kukipeleka kwa mlaji. Tunaona ni moja ya elimu kubwa za nchi ile. Ila nayo ina wakati wake. Samadi iliyotandazwa juu ya ardhi miezi mitatu kabla ya mvua hukaushwa na jua, na amonia yake huruka. Iliyofukiwa karibu na kupanda hupoteza kidogo.

Na mchwa je? Hao husingiziwa mengi. Ni kweli kuwa matumboni mwao mna vijidudu vinavyotoa methani wakati wa kuyeyusha miti, na methani ya mchwa wa dunia nzima hukadiriwa kuwa sehemu 1 hadi 3 katika 100 ya methani yote. Lakini kichuguu chenyewe kina walinzi. Katika kuta zake wamo bakteria wanaokula methani. Uchunguzi wa Australia uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa kwa wastani nusu ya methani ya mchwa huliwa humo humo, kabla haijatoka nje. Ardhi kavu ya kawaida nayo hula methani iliyo hewani. Basi usimlaani mchwa kwa ajili ya gesi. Mlaani kwa ajili ya boriti zako, hapo una haki.

TURUDI VISIWANI

Mwanachama aliyetufuata mpaka hapa ameshaona tunapoelekea. Mkarafuu ni mgeni aliyekaa mezani kabla chakula hakijapakuliwa. Mvua ya masika ikinyesha hukuta mizizi imetanda, na nyingi ya ile mizizi inayokula iko karibu na uso wa ardhi, chini ya majani yaliyoanguka. Tena mizizi hiyo imefungamana na kuvu, nyuzi nyembamba kuliko unywele, wanaofika katika tundu ambazo mzizi hauwezi kuingia. Majaribio yaliyofanywa Uswisi na kuchapishwa mwaka 2014 yalionyesha kuwa mimea yenye kuvu wa namna hii hupunguza naitrasi oksaidi inayotoka udongoni. Kwa ufupi, kile ambacho mkulima wa Ikungi hukitafuta kwa mtama, mbaazi na kupanda vumbini, sisi tumerithi kikiwa tayari.

Ndiyo maana inatuuma tunapoona kinavunjwa. Kulima kwa jembe zito chini ya mkarafuu hukata mizizi ya kula na nyuzi za kuvu pamoja, na shamba letu kwa muda huo linakuwa kama la Ikungi mwezi wa Desemba, lakini kwa mvua iliyozidi mara mbili. Kufyeka kunatosha. Majani yaliyofagiliwa kabla ya uchumaji na kupigwa kiberiti yangefaa kurudishwa chini ya mti karafuu zikishaanikwa. Moshi wake ni hewa ya ukaa iliyotoka dakika moja badala ya mwaka mmoja, na udongo haukupata kitu.

Khatari kubwa zaidi iko katika mashamba yanayopandwa upya. Mikarafuu mikongwe ikifa au ikikatwa, na miche ikatiwa kwa nafasi kubwa baina yake, mizizi ya mche haijazi nafasi hiyo kwa miaka mingi. Udongo ulioota mboji kwa vizazi viwili vya mikarafuu umebaki na karamu kubwa na wageni wachache. Hapo ndipo pa migomba, ambayo pia huupa mche kivuli unachokihitaji. Hapo ndipo pa kunde na viazi vitamu vya kutandaa. Twajua kuwa wako wazee wanaopenda kuona chini ya miche peupe kama uwanja wa mpira, na wanaona ndiyo usafi. Kwa heshima yao yote, katika jambo hili hatukubaliani nao.

Wenye kutia mbolea ya dukani wasiitie yote kwa mara moja masika yakiwa yamefumka. Ardhi imejaa maji, bakteria wanangoja, na mfuko wa bei kubwa utaondoka na wingu. Ni afadhali kidogo kidogo, kwa mara mbili au tatu, mvua zikiwa za kiasi. Na mwenye ng'ombe mmoja au wawili asiliache tuta la samadi likinyeshewa nyuma ya banda. Makuti machache juu yake yanatosha kuizuia mvua, na mvua ikizuiwa rutuba hubaki.

Mabonde yetu ya mpunga yana hisabu yao, maana mle maji hutuama na gesi kubwa ni methani. Hata humo mmea una sauti, kwani sehemu kubwa ya methani hupanda kwa kupitia ndani ya shina la mpunga lenyewe, kama moshi katika dohani. Somo hilo ni refu, nalo linahitaji ukurasa wake.

JARIBIO LA KUFANYA NYUMBANI

Wanafunzi wa skuli wanaweza kulifanya jaribio hili, lakini pawe na mtu mzima, kwa kuwa chokaa huunguza macho. Tafuta chupa tatu za kioo za midomo mipana, zenye vifuniko, na zilingane. Chukua chokaa mpya, ambayo haikukaa wazi, utie kijiko kimoja katika maji safi, utikise, kisha uache mpaka asubuhi. Chokaa itatua chini; maji meupe kama ya kisima yaliyo juu yachote polepole. Hayo ndiyo maji ya chokaa.

Chukua udongo wa juu chini ya mkarafuu, uanike juani kwa wiki nzima, uuponde. Tia vikombe viwili katika chupa ya kwanza, na vikombe viwili katika ya pili. Ya tatu usitie kitu. Udongo wa chupa ya kwanza unyunyizie maji mpaka uwe na unyevu, usiwe tope. Wa pili uache mkavu. Ndani ya kila chupa weka kikombe kidogo chenye maji ya chokaa, kikae wima, kisha funga vizuri na uache usiku mmoja.

Asubuhi utaona maji ya chokaa katika chupa ya kwanza yameingia ukungu, na juu yake pana utando mweupe. Hiyo ni hewa ya ukaa iliyoshikwa na chokaa, pumzi ya viumbe walioamshwa kwa maji. Chupa ya pili itakuwa na kidogo sana, na ya tatu utando mwembamba tu, kwa sababu hewa ya kawaida nayo haikosi hewa ya ukaa. Kisha urudie kwa udongo wa konde lililochomwa moto miaka kadhaa mfululizo, ulinganishe. Na mwenye subira auanike tena ule udongo wa chupa ya kwanza kwa wiki nyingine, autie maji mara ya pili kama Birch alivyofanya Muguga, atie maji mapya ya chokaa, atazame kama ukungu utarudi.